Texas, Massachusetts au Minnesota: mgahawa wako uufungue wapi?

Takwimu za pato la migahawa na baa kwa kila jimbo la Marekani zikitolewa, Texas haikosekani karibu na kilele. Ndugu zetu wengi wenye akiba ya kufungua mgahawa huziangalia na kukata shauri hapohapo: pesa iko Texas, twende Texas. Wengine wana shangazi anayeishi Lowell, Massachusetts, au binamu aliyeko Minneapolis, Minnesota, anayewaambia waje huko, maana Waswahili wapo wa kutosha na pilau haitalala. Wanabaki njia panda, na akiba inaendelea kuliwa na pango la nyumba.

Makala hii ni kwa ajili yao. Nimechagua majimbo matatu ambako watu wetu wapo kweli na ambako sheria zinatofautiana sana: Texas, Massachusetts na Minnesota. Sitataja mshindi, kwa sababu muuza nyama choma na bia hahitaji jimbo analolihitaji muuza chai, chapati na mbuzi wa halali. Nitakachofanya ni kuyapima yote matatu kwa mambo yaleyale matano: ukubwa wa soko, mishahara na bakshishi, kodi, pombe, na mwisho wateja pamoja na pango. Viwango vya mishahara ninavyotaja ni vya 2025. Baadhi hupanda kila Januari, kwa hiyo hakikisha upya kabla ya kupiga hesabu zako.

Kabla ya yote: pato la jimbo linasema nini?

Chukua sahani ya pilau na kuku unayoiuza dola 18. Kwenye takwimu za mauzo inaandikwa 18. Lakini mchele, kuku, mafuta, umeme, vifungashio na hata pango la jengo umevinunua kwa watu wengine. Vitoe vyote, na kinachobaki ndiyo thamani uliyoiongeza wewe. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kwenye pato la jimbo ambalo ofisi ya serikali kuu ya uchambuzi wa uchumi, BEA, hulitangaza. Ndiyo maana kwa jimbo hilohilo na mwaka uleule unaweza kukuta mabilioni ya aina mbili yaliyoachana mbali: vyama vya wenye migahawa hupenda kutaja mauzo, tena mara nyingine huongeza na fedha zinazozunguka kwa wakulima na wasambazaji, wakati pato la jimbo ni dogo kuliko hapo.

Sasa angalia kilichomo ndani ya thamani hiyo iliyoongezwa. Sehemu kubwa ni mishahara. Faida ya mwenye mgahawa ni kipande chembamba. Katika biashara hii senti 3 hadi 5 kwa kila dola ya mauzo huhesabiwa kuwa hali ya kawaida. Kwa hiyo jimbo linaweza kuonyesha pato zuri la migahawa kwa sababu tu linalipa wafanyakazi vizuri, na mwenye mgahawa akawa anahema. Jimbo jingine linaweza kuonyesha pato kubwa kwa sababu lina watu wengi, basi. Takwimu ya jimbo zima haikuambii wewe utabaki na nini droo ikifungwa usiku. Hayo matano ndiyo yanayokuambia.

Ukubwa wa soko

Texas ina watu zaidi ya milioni 31, na wanaofanya kazi kwenye migahawa na baa zake wamepita milioni moja. Massachusetts ina watu milioni 7 na kidogo. Minnesota haijafika milioni 6. Ukitazama jumla, Texas inawameza wenzake. Ukigawanya kwa idadi ya watu, tofauti kubwa inayeyuka: Texas ina watu zaidi ya mara nne ya Massachusetts, na wafanyakazi wa migahawa nao wanakaribia mara nne. Mtu wa Dallas hali nje mara nne zaidi ya mtu wa Boston. Wapo wengi tu, na wanaowapikia nao ni wengi.

Alichonacho mtu wa Massachusetts ni kipato. Jimbo hilo ni miongoni mwa yenye kipato kikubwa zaidi kwa kichwa nchini Marekani, na mteja wa Boston au Cambridge hashtuki akiona sahani ya dola 24. Minnesota iko kati, na soko lake limekusanyika mno: zaidi ya nusu ya watu wa jimbo wanaishi Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake. Ukipata jina jema kwenye eneo hilo moja, umelifikia jimbo. Texas hainayo hali hiyo. Houston na Dallas zimeachana kwa karibu saa nne za gari, na sifa ulizojenga huku hazivuki kwenda kule zenyewe.

Mishahara na bakshishi

Hapa ndipo majimbo haya yanapoachana kabisa, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko pengine popote.

Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi ya mhudumu kama sehemu ya mshahara wake. Kima cha chini cha kitaifa ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, lakini mhudumu anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi isipofikisha 7.25, mwajiri anajazia. Texas inafuata hilo jinsi lilivyo, na sheria yake inaikataza miji kupanga kima chake kikubwa zaidi kwa waajiri binafsi.

Massachusetts kima cha chini ni dola 15, na mhudumu wa bakshishi hulipwa na mwajiri dola 6.75. Hesabu ya kujazia inafanywa kila zamu ikimalizika. Huruhusiwi kuichukua Ijumaa iliyojaa wateja ukaifidia na Jumanne iliyodorora. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama mhudumu afikishwe kima kamili hatua kwa hatua, wakakataa, kwa hiyo 6.75 imebaki.

Minnesota haina punguzo hilo hata kidogo. Kima cha jimbo 2025 kilikuwa dola 11.13 kwa kila mtu, awe anapokea bakshishi au hapokei, na jiji la Minneapolis lina kima chake, ambacho mwaka huo kilikuwa dola 15.97. St. Paul nayo ina viwango vyake vinavyofuata ukubwa wa biashara.

Weka wahudumu watatu kwenye zamu yenye urefu wa saa tano, Jumamosi usiku. Mshahara unaotoka mfukoni mwako Texas ni dola 31.95. Massachusetts ni 101.25. Minneapolis, kwa kima cha 2025, ni 239.55. Kwa sahani za dola 18, na ikiwa thuluthi ya bei ya sahani ni chakula chenyewe, Minneapolis inabidi uuze kama sahani 20 ndipo uwe umelipa wahudumu hao watatu. Texas sahani tatu zinatosha. Tofauti hiyo inajirudia kila zamu, wiki nenda wiki rudi.

Usikimbilie Texas bado. Kwanza, jikoni hesabu hiyo haifanyi kazi. Mpishi hapokei bakshishi ya mezani, na mpishi mzuri wa Dallas au Houston humpati kwa 7.25, sheria iseme itakavyo. Pili, mgahawa wa kaunta, ambapo mteja anaagiza, analipa na kubeba trei yake, hauna wahudumu wa kutosha wa kuhesabia punguzo hilo. Ukiwa na watu watano na wanne wako jikoni, faida ya Texas kwenye mishahara inapungua sana. Tatu, mhudumu wa Minneapolis ana uhakika wa kula hata siku theluji imefunga barabara. Mfanyakazi mwenye uhakika hukaa, na kila mwenye mgahawa anajua uchungu wa kufundisha mtu mpya kila mwezi.

Kuna na suala la kugawana bakshishi, ambalo watu wetu wengi huliendesha kwa nia njema wakaishia pabaya. Kwetu ni jambo la kawaida kukusanya pesa zote kwenye kopo moja na kuwagawia hadi wapishi. Massachusetts bakshishi ni ya wahudumu, wa baa na wanaowasaidia mezani, jikoni hawaingii. Minnesota mwajiri haruhusiwi kuwalazimisha wafanyakazi kugawana. Wakipenda waamue wenyewe. Texas ukitumia kile kiwango cha 2.13, jikoni wanabaki nje pia. Ukilipa kima kamili kwa wote, sheria ya serikali kuu inakuruhusu kuwaingiza. Na kokote uliko, wewe mwenye mali na meneja wako msichukue hata senti.

Jambo la mwisho kuhusu wafanyakazi, na si dogo. Texas mwajiri binafsi anaweza kuamua kutokuwa na bima ya ajali kazini. Massachusetts na Minnesota bima hiyo ni lazima. Jikoni kuna mafuta ya moto, visu na sakafu yenye utelezi. Texas ukikataa bima, mfanyakazi aliyeungua anaweza kukushtaki, na sheria inakunyang'anya utetezi mwingi ambao mwajiri mwenye bima angekuwa nao. Ile akiba ya bima inaweza kukugharimu mgahawa mzima. Mimi nasema ilipie, hata kama hakuna anayekudai.

Kodi

Texas: kodi ya mauzo ni 6.25 ya jimbo, na miji mikubwa huongeza hadi jumla ya asilimia 8.25. Hakuna kodi ya jimbo kwenye mapato ya mtu binafsi. Kodi ya biashara ya jimbo humgusa mwenye mapato yaliyopita kiwango fulani kwa mwaka, ambacho 2024 na 2025 kilikuwa dola milioni 2.47, na migahawa yetu mingi haifiki huko. Inavutia. Ila Texas hukusanya kwa mlango mwingine: kodi za majengo ni kubwa, na mikataba mingi ya pango la biashara humbebesha mpangaji kodi ya jengo, bima na matengenezo juu ya pango lenyewe. Ukiona tangazo la pango la bei poa Houston, uliza hayo matatu yanakuja shilingi ngapi kwa mwezi kabla hujatabasamu.

Massachusetts: chakula cha mgahawa hutozwa asilimia 6.25, na miji mingi imeongeza 0.75, jumla 7. Kwa mteja wa mezani hii ndiyo kodi nafuu kati ya zote tatu. Mapato ya mtu ni asilimia 5 ya moja kwa moja, na faida ya mgahawa mdogo uliosajiliwa kwa muundo wa LLC, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, kwa kawaida huingia humo, kwenye hesabu za mwenye mali.

Minnesota: 6.875 ya jimbo, na Minneapolis nyongeza za huku na kule zinaifikisha juu kidogo ya asilimia 9. Ukiwa katikati ya jiji kuna asilimia 3 zaidi ya migahawa, na mteja analipa zaidi ya 12. Kodi ya mapato huanzia 5.35 na kupanda hadi 9.85. Tangu Januari 2026 kuna pia mchango wa likizo ya uzazi na ugonjwa, 0.88 ya mshahara, unaogawanywa kati ya mwajiri na mfanyakazi. Massachusetts ina mpango wa namna hiyo tangu zamani kidogo. Texas haina.

Katika majimbo yote matatu kodi ya mauzo si pesa yako. Umeishikia serikali tu. Ifungulie akaunti yake benki, uihamishe kila wiki, na usiiguse hata friji ikifa. Nimeona migahawa yenye foleni mlangoni ikifungwa kwa sababu hii moja.

Pombe

Ukiuza chakula cha halali, au kama huna nia ya kuuza pombe, ruka sehemu hii. Kwa wengine, hapa ndipo Massachusetts inapogeuka kuwa mlima.

Idadi ya leseni za pombe Massachusetts imewekewa kikomo kulingana na idadi ya watu wa mji. Boston zilikwisha zamani, zikawa zinauzwa kati ya mwenye mgahawa na mwenzake, na leseni kamili imewahi kupita dola nusu milioni. Fikiria hilo kwa mtu wa Mattapan au Dorchester, mitaa ya Boston hiyohiyo, mwenye mtaji wa dola 80,000. Septemba 2024 gavana alitia saini sheria ya kuongeza leseni 225 za Boston, nyingi zikiwa zimetengewa mitaa ambayo ilikuwa imenyimwa kwa miaka, na hizo za mitaa haziruhusiwi kuuzwa wala kuhamishwa. Ni nafasi ya kweli kwa watu wetu, ila ya mitaa hiyo tu. Miji mingine kila mmoja una hesabu zake, na ofisi ya leseni ya mji ndiyo ya kuulizwa. Bei za ofa za saa za jioni zimepigwa marufuku jimbo zima tangu 1984, kwa hiyo usipange biashara kwa kutegemea bia za nusu bei.

Texas leseni haina kikomo cha namna hiyo. Unaomba kwa tume ya pombe ya jimbo, TABC, na kazi kubwa ni karatasi, umbali kutoka kanisani na shuleni, na kama eneo lako lilipiga kura kuruhusu pombe. Lakini uza pombe kali na kodi inabadilika: asilimia 6.7 ya mauzo yako yote ya pombe, hata bia, unalipa wewe muuzaji, na mteja analipa 8.25 yake. Ukibaki na kibali cha bia na mvinyo peke yake, unaishia kwenye kodi ya mauzo ya kawaida. Kwa nyama choma na bia baridi, kibali hicho kinatosha kabisa, na ningeanza nacho. Angalia pia mauzo yako: pombe ikifika asilimia 51 ya mapato, mlangoni lazima libandikwe bango lenye 51 kubwa nyekundu, la kuzuia bastola ndani. Familia iliyokuja na watoto kula ugali na samaki ikiliona bango hilo, wengine hugeuza.

Minnesota leseni hutolewa na jiji au kaunti, na juu ya kodi ya mauzo ya jimbo pombe huongezewa asilimia 2.5, ikawa 9.375 kabla ya nyongeza za jiji. Ni njia ya kati: haina bei za Boston, haina wepesi wa Texas. Hata hivyo migahawa mingi ya Kisomali na ya Afrika Mashariki huko inaendeshwa bila tone la pombe na inajaa.

Wateja na pango

Massachusetts, Wakenya wamekita mizizi Lowell na Worcester kuliko karibu mahali popote pale kaskazini mashariki. Kuna makanisa, vyama, harusi na matanga, na hivyo vyote vinahitaji chakula. Pango la Boston ni kali mno. Lowell na Worcester yanapumulika.

Texas, Waswahili wametawanyika. Wakenya na Watanzania wako wengi Dallas, Fort Worth na Houston. Wakongomani walioletwa kama wakimbizi wako katika miji hiyohiyo, na hata Abilene, mji mdogo wa magharibi ambako hukutarajia kusikia Kiswahili dukani. Mteja wako atakuja kwa gari, kwa hiyo maegesho ni muhimu kuliko dirisha zuri. Na usisahau umeme: Februari 2021 dhoruba ya baridi ilikata umeme kwa siku kadhaa katika sehemu kubwa ya jimbo. Friji zilizojaa nyama hazikusubiri. Uliza bima yako kama inalipa chakula kilichoharibika.

Minnesota ina jumuiya kubwa zaidi ya Wasomali nchini Marekani, na wengi wao walipita Dadaab, Kakuma au Eastleigh, kwa hiyo Kiswahili wanakijua na sambusa hawafundishwi. Huko Minneapolis, soko la Karmel Mall na mtaa wa Cedar-Riverside vina wanunuzi wa chai na chakula mchana kutwa. Wakenya wako zaidi kwenye vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center. Ushindani kwenye wali na mbuzi ni mkali kwelikweli, na bei inashuka kwa sababu hiyo. Ukileta kitu ambacho hakipo, kwa mfano urojo, mishikaki ya mkaa au samaki wa kupaka, utasikilizwa haraka.

Kwa hali yako

Kama unataka ukumbi wa nyama choma, bia, muziki na wahudumu wengi mezani, Texas inakufaa zaidi kwa mishahara na leseni. Lipia bima ya ajali, anza na kibali cha bia na mvinyo, na chunguza mkataba wa pango kabla ya rangi ya ukuta.

Kama mtaji wako ni mdogo na tayari una watu Lowell au Worcester, anza Massachusetts kwa kupikia shughuli: harusi, vikao, misiba. Pombe iache kwanza. Mgahawa wa viti 20 usio na leseni, kwenye kodi ya asilimia 7 na mteja mwenye kipato, unaweza kusimama.

Kama uko Boston penyewe na mtaa wako ni kati ya iliyopewa leseni mpya, ulizia nafasi hizo mapema, maana zinatolewa kwa awamu.

Kama chakula chako ni cha halali, unauza kwa kaunta, na familia nzima inafanya kazi humo, Minnesota haikuogopeshi kama inavyomwogopesha mwenye ukumbi. Wahudumu wachache wanakupunguzia ule mzigo wa kima cha Minneapolis, na vitongoji vya nje ya Minneapolis vinafuata kima cha jimbo. Epuka katikati ya jiji mpaka uwe na jina.

Kama bado unasita kati ya mawili, andika menyu yako yenye bei, idadi ya watu kila zamu na pango ulilotajiwa kwa maandishi, upige hesabu ya mwezi mmoja kwa kila mji. Ofisi ya leseni ya mji nenda mwenyewe kabla ya kutia saini ya pango, kwa sababu jengo ambalo lilikuwa mgahawa jana linaweza kunyimwa leseni leo, na mwenye jengo ataendelea kukudai.